Maswali ya Wasomaji: Modemu Ni Yako, Laini Si Yako

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru hadi Busia, na karibu zote zinauliza neno moja: kifaa ni changu na nimekilipia, mbona niombe ruhusa ya kukichomeka? Soketi ya ukutani ndiyo mpaka. Upande wa ndani ni mali yako. Upande wa nje ni mtandao wa majirani zako, pamoja na fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba hakuna mtu aliyetia stima ya nyumbani kwenye waya alioushika. Kanuni zenyewe ni za mwaka 2010, zinazohusu uagizaji, uidhinishaji na usambazaji wa vifaa vya mawasiliano. Ziko chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA, iliyokuwa ikiitwa CCK hadi 2014.

Swali: Nina duka la vifaa vya kompyuta karibu na stendi ya matatu mjini Nakuru. Binamu yangu aliye Marekani hunitumia modemu na ruta zilizotumika, boksi kwa boksi. Zote zina stika ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, mgongoni. Mteja mmoja wa ofisi ya wakili amekataa kununua akisema hazijaidhinishwa Kenya. Kwani FCC si wakubwa kuliko hawa wetu? — Mwenye duka, Nakuru

Mteja wako yuko sahihi. Idhini ya FCC inaishia mipakani mwa Marekani. Hapa Kenya, modeli ya kifaa kinachounganishwa na mtandao wa umma lazima iwe imeidhinishwa na CA, hata kama imefaulu vipimo vya nchi kumi.

Isitoshe, hiyo stika huenda haisemi unachodhani. Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC inahusu kelele za redio zinazotoka kwenye kifaa, yaani kama kitamkwaruzia jirani redio yake. Kuhusu laini ya simu haisemi kitu. Laini inaangaliwa na Sehemu ya 68, iliyokuja miaka ya 1970 baada ya uamuzi wa FCC wa 1968 kuhusu Carterfone, kifaa cha kuunganisha redio na simu, kuvunja ukiritimba wa kampuni ya simu ya AT&T wa kuamua nini kichomekwe. Geuza modemu uisome: iliyofaulu Sehemu ya 68 ina nambari ndefu inayoanza na US na nukta mbili, kisha herufi tatu za kampuni, herufi mbili za aina ya kifaa, halafu tarakimu mbili za mzigo wa kengele, ambazo tutazirudia katika swali linalofuata. Ruta nyingi za Wi-Fi hazina nambari hiyo kwa sababu hazikutengenezwa ziguse laini ya simu. Na ukikuta modemu zenye tundu la skrubu kama la waya wa televisheni, mwambie binamu asipoteze pesa za mizigo. Hizo ni za mitandao ya kebo. Haziingii kwenye laini ya shaba wala ya faiba.

Alama ya CE nayo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba kifaa kinatimiza matakwa ya Ulaya. Si kibali cha Kenya, lakini si bure. Ripoti za maabara zilizo nyuma ya CE au FCC ni ushahidi unaoweza kuambatanishwa kwenye ombi la CA, mradi maabara inatambulika.

Unavyohakiki ni hivi. Andika jina la modeli lote, pamoja na toleo la maunzi lililo kwenye stika. Ruta yenye jina lilelile, toleo la 2 na la 3, inaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na kibali cha moja kisiifae nyingine. Itafute kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa iliyo katika tovuti ya CA. Ikiwamo, chapa ukurasa huo na uuweke pamoja na risiti. Ndio utakaomwonyesha wakili. Isipokuwamo, mwagizaji au mtengenezaji ndiye wa kuomba. Huandaa maelezo ya kiufundi, ripoti za usalama wa umeme na za mwingiliano wa sumaku-umeme, ripoti ya redio kama kuna Wi-Fi, tamko la mtengenezaji, kitabu cha matumizi, sampuli ikitakiwa, na ada. Kibali ni cha modeli, kwa hiyo boksi lenye modeli kumi tofauti ni maombi kumi. Kwa mitumba ya kuokoteza hesabu hiyo hailipi hata kidogo. Afadhali binamu akununulie modeli moja kwa wingi, ambayo umeshaiona kwenye orodha. Kuagiza na kuuza nako kunahitaji leseni. Uliza ofisi za CA za kanda, zipo Kisumu na Eldoret. Stika ya KEBS, shirika la viwango, ya bidhaa za nje ni jambo jingine: inahusu ubora wa bidhaa, wala haimruhusu mtu kuunganisha chochote na mtandao.

Hata ukiwa na karatasi zote, modemu ya simu ya Marekani italeta mashaka mawili hapa. Soma adapta: ikiandikwa 120V peke yake, kwenye volti 240 zetu itaungua. Tafuta iliyoandikwa 100–240V. Shaka la pili ni mlio wa laini. Wa Marekani ni toni mbili kwa pamoja, hezi 350 na 440, ilhali nchi nyingi nyingine hutumia toni moja ya karibu hezi 425. Modemu iliyozoea ya kwao inaweza kudai laini imekufa na huku wewe unausikia mlio kwa masikio yako. Amri ATX3 huifanya ipige bila kungoja mlio. Kabla ya hapo jaribu AT+GCI=? uone orodha ya nchi inazozijua, maana msimbo wa nchi hurekebisha pia nguvu ya sauti, ugunduzi wa kengele na idadi ya kurudia kupiga. ATX3 hudanganya tu sikio la modemu.

Swali: Zahanati yetu iko Milimani, Kisumu. Kwenye laini moja ya shaba tuna simu ya mezani, faksi, king'ora kinachopiga simu chenyewe na modemu ya ADSL. Tangu fundi aongeze king'ora, simu hailii mtu akipiga, lakini ukiinua mkono unamkuta yupo. Intaneti nayo hukatika kila simu inapoingia. — Mhasibu wa zahanati

Dada, hizo ni hitilafu mbili zenye chanzo kimoja.

Laini ikiwa kimya ina takriban volti 48 za mkondo mnyoofu. Mtu akipiga, kituo huongeza volti 75 hadi 90 za mkondo geu, hezi 20 hadi 25, ili kengele ilie. Nguvu hiyo ina kikomo, na kipimo chake huitwa REN. Uingereza hupanga jumla isizidi 4 kwa laini, Marekani isizidi 5. Simu ya zamani yenye kengele ya chuma hula 1 au zaidi, ya kielektroniki hula 0.1 hadi 0.5. Kwenye ile nambari ndefu ya Marekani, tarakimu 03 maana yake ni 0.3, na 10 ni 1.0. Jumlisha vifaa vyote vinavyogusa laini. Kisicho na stika kihesabu 1. Msijaze hadi kikomo. Laini ndefu ya shaba iliyochoka hufika ofisini na kengele dhaifu, kwa hiyo jumla ya 3 ni ya kutosha.

Ikiwa jumla ni ndogo na bado hailii, kuna kifaa kinachovujisha. Chomoa vyote. Pima kwenye soketi kuu, mita ikiwa kwenye mkondo mnyoofu: usomaji uwe karibu na 48. Chomeka kifaa kimojakimoja, pasipo kuinua mkono wa simu, na usome kila mara. Kifaa kizima hakitaiteremsha volti hata moja. Kikiiangusha hadi 40 au 30, hicho ndicho mkosaji, na huenda kituo kinadhani mkono wa simu umeinuliwa nusu. Kisha kipime chenyewe kikiwa kimechomolewa: Sehemu ya 68 inataka ukinzani wa zaidi ya megaomu 5 hadi volti 100. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache tu, kwa hiyo usomaji mbaya ni ushahidi kamili, usomaji mzuri si ushahidi kamili. Na mwambieni fundi wenu aache kuchuna waya kwa meno. Volti 90 za kengele mdomoni si mzaha.

King'ora kina kasoro nyingine iliyojificha. Kimeungwa sambamba na vifaa vingine, nacho kinapaswa kuwa cha kwanza kabisa baada ya soketi kuu, laini ipite ndani yake ndipo iende kwa wengine. Namna hiyo kikitaka kupiga simu ya dharura hukata wote. Kikiungwa sambamba, mwizi huinua tu mkono wa simu ya mapokezi na king'ora hakina laini. Angalieni pia mipangilio ya kurudia kupiga: viwango vya nchi nyingi vinaweka kikomo cha majaribio na muda wa kupumzika katikati, ili mashine moja isiyumbishe kituo usiku kucha.

Kuhusu intaneti: sauti hutumia hezi 300 hadi 3,400, na ADSL hutumia kuanzia kilohezi 26 hadi megahezi 1.1, au 2.2 kwa ADSL2+. Kila kifaa cha sauti lazima kipitie kichujio. Simu na faksi huenda mliziwekea. King'ora karibu kila mara husahaulika kwa sababu kimefungwa ukutani na hakina plagi ya kuonekana. Modemu yenyewe isipitie kichujio hata kidogo, la sivyo intaneti itakufa kabisa. Vichujio vikifika vinne, ondoeni vyote na kuweka kigawanyi kimoja pale laini inapoingia: tundu la sauti liende kwa king'ora na vilivyo nyuma yake, tundu la data liende moja kwa moja kwa modemu. Anayefanya kazi hiyo awe na leseni ya CA ya ufundi. Mwombeni nambari yake na muiandike kwenye ankara.

Swali: Niko nje kidogo ya mji wa Kakamega. Radi imenichomea modemu tatu, na kila mara nilikuwa nimeweka kizuia-radi cha dukani. Fundi amefufua moja kwa vipuri vya redio. Je, niirudishe kwenye laini? — Mstaafu, Kakamega

Mzee wetu, pole. Usiirudishe.

Ndani ya modemu kuna mpaka kati ya upande wa stima na upande wa simu: transfoma ndogo, vipitisha-mwanga, na kapasita za daraja maalumu linaloandikwa Y1 au Y2. Viwango vya usalama, zamani IEC 60950-1 na sasa IEC 62368-1, hupima mpaka huo kwa volti elfu moja na zaidi. Fundi akiweka kapasita ya kawaida mahali pa Y2, modemu itawaka na kufanya kazi vizuri. Siku kapasita hiyo itakapofeli, volti 240 zitatoka kupitia laini hadi kwa mtu wa nguzoni. Kifaa kilichofunguliwa hivyo si tena modeli iliyoidhinishwa, na aliyekichomeka ndiye atakayejibu.

Vizuia-radi vyako navyo havikushindwa kwa ubovu. Nadhani vilikosa pa kumwaga. Kizuizi cha laini huhitaji waya wa athi, na waya huo lazima ufungwe kwenye athi ileile ya stima ya nyumba. Kosa tunalokuta mara nyingi Magharibi na Kisii ni nondo mbili: moja ya stima upande wa mita, nyingine ya simu iliyopigiliwa upande wa pili wa nyumba. Radi ikipiga karibu, ardhi yenyewe hupanda volti kwa viwango tofauti mahali pale pawili, na kitu pekee kinachoziunganisha nondo hizo ni modemu yako. Ziunganishe kwa waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, ulionyooka, usiokunjwa mviringo. Urefu ni adui: mita moja ya waya ina takriban mikrohenri 1, na mkondo unaopanda kwa kiloampea 1 kila mikrosekunde huacha kilovolti 1 kwa kila mita. Mita tano za waya uliozungushwa ukutani zimekwisha kuua modemu kabla nondo haijafanya kazi.

Unaponunua kizuizi, taka chenye mrija wa gesi wa ncha tatu, wa volti 230. Usikubali wa volti 90 kwa kuwa ni rahisi. Kengele ya volti 90 hufika kilele cha 127, ongeza 48 za laini upate 175. Mrija wa 90 utawaka kila simu inapolia. Ncha tatu ni ili nyaya zote mbili zimwage kwa pamoja, la sivyo tofauti yao huipiga modemu. Upande wa stima weka kinga nyingine, na plagi yako ya miguu mitatu ibaki na miguu yake mitatu. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa stima na laini, vyote viwili. Kuchomoa kimoja tu hakusaidii.

Swali: Mimi ni fundi, Kondele. Shule moja inataka mashine ya laini nne za simu za mkononi iunganishwe na PABX yao, mtambo wa simu za ndani, ili wapige kwa gharama nafuu. Nimesikia watu wakikamatwa kwa "simbox". Nitakuwa salama? — Fundi kijana, Kisumu

Mashine yaweza kuwa ileile. Kosa liko kwenye kazi yake. Simbox hupokea simu za watu baki, mara nyingi za kutoka ng'ambo kupitia intaneti, na kuzitoa kwenye laini za humu nchini kana kwamba zimepigwa hapa. Huko ni kuuza huduma ya mawasiliano bila leseni. Walimu wakipiga simu zao wenyewe kupitia laini za shule, hilo ni jambo tofauti.

Ili tofauti hiyo ionekane hata kwa mkaguzi, modeli ya mashine iwe kwenye orodha ya CA. Laini zote nne zisajiliwe kwa jina la shule kulingana na kanuni za usajili wa laini. Usitumie laini zako wala za bawabu. Mtu akitaka kujua ni nambari zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, apige *106#. IMEI za mashine, yaani nambari zake za utambulisho, zibaki zilizotoka kiwandani. Menyu za baadhi ya mashine za bei rahisi huruhusu kuzibadilisha, na sheria yetu inakataza. Zima njia ya kupokea simu kutoka intaneti, badilisha neno la siri la kiwandani, na funga mlango wa SIP, yaani wa simu za intaneti, kwa nje. Tunasisitiza hili kwa sababu mashine iliyoachwa wazi hutekwa na wageni, ikageuka simbox shule ikiwa imelala. Soma pia masharti ya vifurushi: vya mtu binafsi mara nyingi hukataza kutumika kwenye mashine za namna hii.

Kwenye nyaya, tundu la mashine linalotoa mlio na volti huitwa FXS, nalo huingia kwenye tundu la FXO la PABX, lile la laini ya nje. Usilichomeke kwenye tundu la simu za ndani za ofisi, ambalo pia ni FXS. Vyanzo viwili vya volti vitapambana na kimoja kitaungua. Wala usiliunge kamwe sambamba na laini ya shaba ya kampuni ya simu, hata "kwa muda tu". Huko ndiko kuvuka ule mpaka wa soketi. Antena ziweke mbali na PABX, mita moja au mbili kwa waya wake. Simu ya 2G hutuma kwa mapigo 217 kila sekunde, na mapigo hayo ndiyo ule mvumo utakaousikia kwenye kila mkono wa simu ukizibandika juu ya kabati.

Swali: Nyumbani Bungoma nina faiba. Boksi la kampuni ni dhaifu, nimeagiza kifaa changu cha faiba chenye Wi-Fi kali. Nikikichomeka badala ya lao, kuna ubaya? — Mwalimu, Bungoma

Upo, tena utawapata majirani. Faiba moja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Taa ya kushuka, nanomita 1490, huwafikia wote. Ya kupanda, nanomita 1310, kila boksi huitoa kwa zamu iliyopangwa na kituo. Boksi lisiloelewana na kituo likiwasha taa nje ya zamu yake, nyumba zote za mgawanyo ule hupotea hewani, na mafundi huenda wakahangaika siku nzima kulitafuta. Kwa kawaida kituo hukitambua kifaa kwa nambari yake ya mfululizo na kukikataa. Wanaonakili nambari ya boksi la zamani ili kukidanganya ndio wanaoleta balaa hili.

Acha boksi lao palepale. Waombe waliweke katika hali ya daraja, yaani lipitishe intaneti tu, kisha chomeka ruta yako nyuma yake kwa waya wa mtandao, na uwaombe jina na neno la siri la PPPoE (akaunti ya kuingilia mtandaoni) kama wanatumia, pamoja na nambari ya VLAN (inayotenganisha huduma kwenye waya mmoja). Ruta hiyo nayo iwe na kibali cha CA, maana ina redio. Usifungue plagi ya faiba. Ya kijani imekatwa kwa mshazari, ya buluu imenyooka, na ukizichanganya taa inarudi ilikotoka na kipimo kinaporomoka. Boksi la kawaida huhitaji kupokea taa yenye nguvu kati ya −8 na −27 dBm. Likisoma −29, tatizo ni waya, wala Wi-Fi kali haitalitibu. Taa yenyewe haionekani kwa macho, basi usichungulie ndani.

Swali: Tunafunga vipima-unyevu kwenye vibanda vya maua Naivasha. Vina redio ya 915 MHz hadi kituo kidogo, na kituo kina modemu ya 4G. Moduli ya modemu ina kibali. Je, mfumo mzima umefunikwa? — Mhandisi, Naivasha

Haujafunikwa. Bendi ya 902 hadi 928 MHz ni huru katika mabara ya Amerika. Sisi tuko katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la mawasiliano la kimataifa, pamoja na Ulaya, na hapa simu za mkononi za bendi ya 900 hupanda kwa 880 hadi 915 na kushuka kwa 925 hadi 960. Vipima vyenu vinatua ndani ya sikio la mnara wa simu, na mwisho wa bendi yao unagusa pembe ya mdomo wake. Ombeni toleo la 868 MHz la vifaa hivyohivyo, kisha linganisheni kipande cha masafa na nguvu na miongozo ya CA ya vifaa vya masafa mafupi kabla ya kuagiza mia moja.

Kibali cha moduli husaidia sana kwenye ombi, lakini kilitolewa kwa antena ya kiwango fulani na umeme wa kiwango fulani. Mkifunga antena yenye ongezeko kubwa kuliko la kwenye kibali, au mkiweka redio mbili ndani ya kasha moja zikituma kwa pamoja, hicho ni kifaa kipya, na kinaombewa kwa jina lake. Hakikisheni pia modemu ina 800 na 1800 MHz kwa 4G, na 900 na 2100 kwa 3G. Za Marekani zenye 700, 850 na 1900 zitakaa zikitafuta mnara hadi betri iishe.

Swali: Nimenunua modemu upande wa pili wa mpaka, ina idhini ya Uganda. Nitumie Busia? — Mfanyabiashara, Busia

Idhini ya tume ya mawasiliano ya Uganda ni ya Uganda. Tafuta modeli kwenye orodha ya CA. Za makampuni makubwa mara nyingi zimo kotekote. Kabla ya kulipa, tia laini ya Kenya uone kama haijafungiwa mtandao mmoja.

Swali: Kampuni imenikatia laini ikidai modemu yangu inaharibu mtandao. Hawakuniandikia chochote. — Msomaji, Nyalenda, Kisumu

Chomoa modemu na uiweke kando bila kuifungua. Waandikie kuomba tarehe na saa ya hitilafu, kipimo walichokiona, na mahali walipokipima: kwenye soketi kuu au kituoni. Kipimo cha kituoni pekee hakitofautishi modemu yako na waya wao ulioingia maji nje ya nyumba. Wapelekee modeli, toleo, na ukurasa wa orodha ya CA. Omba waje wapime kwenye soketi kuu, kwanza modemu ikiwa imechomolewa, kisha ikiwa imechomekwa, wewe ukiwapo. Ikiwa kasoro ipo hata ikichomolewa, hiyo ni yao na wairudishe laini. Ikitokea tu unapoichomeka, kibali hakikuokoi, kwani modeli nzuri nayo huharibika, badilisha modemu. Wasipojibu, peleka lalamiko CA pamoja na nakala za barua. Mamlaka hutaka kuona kwamba ulianza na kampuni, kwa hiyo tunza kila nambari ya lalamiko watakayokupa.